Bastola za Fataki na Ushahidi wa Asili Yake

Bastola ya fataki ni silaha ya mkononi inayojazwa baruti na risasi kwa mbele, yaani kupitia mdomo wa mtutu au, katika zile zenye silinda, kupitia mdomo wa kila chumba cha silinda, kisha hulipuliwa kwa nyundo ndogo inayogonga kifuniko cha shaba nyekundu chenye kemikali inayoshika moto kwa kishindo, na kifuniko hicho ndicho fataki. Enzi yake ilikuwa fupi, takriban kuanzia miaka ya 1820 hadi miaka ya 1870, kati ya karne za bunduki za gumegume, ambazo baruti yake iliwashwa kwa cheche za jiwe, na zama za risasi zenye ganda ambazo zinaendelea hadi leo. Hata hivyo, katika nusu karne hiyo bastola zilitengenezwa kwa wingi usiopata kuonekana kabla yake, kwa mikono ya mafundi wa London, Paris, Liège na Philadelphia na kwa mashine za viwanda vya Connecticut, na ndiyo maana wakusanyaji wa silaha za kale wa Ulaya na Marekani hukipenda sana kipindi hiki. Bastola mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja zaweza kufanana kwa kila kitu, moja ikauzwa kwa bei ya kawaida na nyingine kwa bei ya nyumba, kwa kuwa ya pili ina ushahidi wa nani aliimiliki, lini, na ilipita katika mikono ya nani hadi kufika ilipo sasa. Ushahidi huo wa asili na umiliki ndio kiini cha fani nzima ya ukusanyaji, na ndio unaoghushiwa kwa urahisi zaidi kuliko chuma chenyewe.

Historia ya fataki inaanzia katika kemia. Mnamo 1800 mkemia Mwingereza Edward Charles Howard aliieleza Royal Society ya London namna ya kutengeneza fulminati ya zebaki, chumvi inayolipuka mara inapogongwa. Miaka michache baadaye Alexander John Forsyth, mchungaji wa kanisa la Belhelvie karibu na Aberdeen huko Scotland, ambaye alikuwa mwindaji hodari wa ndege, aliona kwamba chumvi za namna hiyo zingeweza kuondoa kero iliyowasumbua wawindaji wote, kwa kuwa katika bunduki ya gumegume mwako wa baruti kwenye kisahani cha nje hutangulia mlio wenyewe kwa muda unaomtosha ndege kushtuka na kuruka. Mwezi wa Aprili 1807 Forsyth alipata hataza ya mtambo uliohifadhi unga wa kulipuka ndani ya kikopo cha chuma chenye umbo la kichupa cha manukato, na kwa kila mlio kikopo kilizungushwa ili kitoe chembe chache tu za unga huo. Kifuniko cha shaba kilikuja baadaye, na heshima ya kukibuni inagombewa na watu kadhaa, wakiwamo Joshua Shaw, mchoraji mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Philadelphia na kupata hataza ya Marekani mwaka 1822, na mafundi wa London Joseph Manton na Joseph Egg. Katikati ya hapo zilijaribiwa njia za mpito, zikiwamo vidonge vya unga na mirija myembamba ya shaba, na silaha zilizobaki za majaribio hayo hutafutwa sana kwa sababu zilitengenezwa chache na kuachwa upesi.

Fataki iliposhinda, wenye bastola za gumegume hawakuzitupa, bali walizipeleka kwa fundi zikabadilishwe, na mabadiliko hayo yameacha alama ambazo jicho lililofunzwa huzisoma bila shida. Ubavuni mwa kila bastola ya aina hii pana bamba la mtambo, yaani kipande bapa cha chuma kinachobeba nyundo na kamani zake, na kwenye bamba la gumegume palikuwa pia na kisahani cha baruti, chuma cha kutolea cheche na kamani ya kukirudisha chuma hicho. Fundi wa kubadilisha aliviondoa vyote vitatu, akaziba matundu ya skrubu zake kwa chuma, akapanua tundu la moto lililo ubavuni mwa mtutu, kisha akafunga humo kipande cha mviringo kinachobeba chuchu, ambayo ni kijiti chenye tundu kinachovishwa fataki. Bamba la namna hiyo likielekezwa kwenye mwanga unaopita kwa mshazari, matundu yaliyozibwa hujitokeza kama viduara hafifu vyenye rangi iliyotofautiana kidogo na chuma kinachovizunguka, na mahali kilipokuwa kisahani huonekana pengo lililojazwa. Mabadiliko hayo ni sehemu halali ya maisha ya silaha na hayapaswi kuonewa haya. Udanganyifu huingia pale mfanyabiashara wa leo anapoirudisha bastola iliyobadilishwa katika umbo la gumegume ili aipandishe bei, akaweka kisahani kipya na nyundo mpya bila kumwambia mnunuzi. Kinachomfichua mara nyingi ni kutu, kwa sababu mchanganyiko wa fataki za zamani uliokuwa na klorati ya potasiamu uliacha chumvi inayovuta unyevu na kuchimba vishimo vidogo kwenye chuma cha karibu na chuchu. Bastola inayodaiwa kuwa ya gumegume tangu kuzaliwa, lakini ina vishimo hivyo kwenye mtutu huku kisahani chake kikiwa laini kabisa, inajishuhudia yenyewe.

Ushahidi wa pili ulio ndani ya chuma ni chapa za majaribio. Katika miji yenye desturi ya kutengeneza silaha, mtutu haukuruhusiwa kuuzwa kabla ya kujazwa baruti kupita kiwango cha kawaida na kulipuliwa mbele ya wakaguzi, na mtutu uliosalimika uligongwa chapa. Chama cha mafundi wa bunduki wa London kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1813, ikatumia chapa ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji pamoja na herufi BPC hadi mwaka 1904. Liège, mji wa Ubelgiji uliouza silaha karibu duniani kote, ulitumia herufi ELG ndani ya duara la yai, na taji likaongezwa juu ya duara hilo mwaka 1893. Kwa hiyo bastola inayosemwa kuwa ilibebwa na afisa wa mwaka 1850, lakini ina chapa ya ELG yenye taji, ama ilijaribiwa upya miongo minne baadaye ama haijapata kumwona afisa huyo. Jambo linalowapotosha wengi ni jina lililochorwa kwenye bamba la mtambo, kwani huchukuliwa kuwa jina la fundi aliyeitengeneza bastola, ilhali maduka mengi ya miji ya mikoani yalinunua bastola zilizokamilika au nusu kamili kutoka Birmingham na kuzichora majina yao. Jina hilo ni ushahidi mzuri wa mahali bastola ilipouzwa, na kuanzia hapo mtafiti anaweza kutafuta katika vitabu vya anwani za biashara za mji husika ili ajue duka lilikuwa mtaa gani na katika miaka ipi.

Hakuna mtengenezaji ambaye historia yake inaonyesha uzito wa jina kuliko Henry Deringer wa Philadelphia, aliyezaliwa mwaka 1786 na kufariki mwaka 1868. Bastola zake ndogo za mfukoni, zenye mlio mmoja, kitako cha mti wa jozi na mapambo ya madini meupe, kwa kawaida ziliuzwa mbilimbili, kwa kuwa mwenye mlio mmoja tu huhitaji bastola ya pili akikosa shabaha, na zilipendwa hasa California wakati wa harakati za kutafuta dhahabu. Waigaji hawakuchelewa. Baadhi ya wafanyakazi wake wa zamani walianzisha karakana yao ya Slotter na kugonga jina lake kwenye bastola zao, na wengine walimtumia fundi cherehani aliyeitwa John Deringer ili wapate haki ya kuandika jina lile lile bila kuonekana waongo. Deringer alimshtaki mfanyabiashara wa San Francisco, A. J. Plate, na Mahakama ya Juu ya California ikampa ushindi katika hukumu ambayo imebaki maarufu katika sheria ya alama za biashara. Kwa mkusanyaji wa leo, nakala hizo za karne ya 19 nazo ni za kale kwa haki yake, na si vibaya kuzinunua, ila bei yake haipaswi kuwa bei ya Deringer halisi. Anayetaka kuzitenganisha hulinganisha umbo la herufi zilizogongwa kwenye bamba na kwenye shina la mtutu, na huangalia kama majina ya mawakala wa San Francisco yaliyogongwa juu ya mtutu yanalingana na ya bastola zilizothibitishwa.

Bastola ya Deringer iliyo mashuhuri kuliko zote ndiyo iliyomuua Rais Abraham Lincoln usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 ndani ya ukumbi wa Ford's Theatre mjini Washington. Muuaji, John Wilkes Booth, aliiacha sakafuni katika kibanda cha rais baada ya kufyatua mlio wake mmoja, na mtazamaji aliyeitwa William Kent, ambaye alirudi humo kutafuta ufunguo wake uliopotea, aliiokota. Ilitumika kama kielelezo katika kesi ya walioshiriki njama ya mauaji hayo, ikahifadhiwa na Wizara ya Vita, na hatimaye ikawekwa katika makumbusho ya ukumbi ule ule ilikotumika, ambako inaonyeshwa hadi leo. Huo ni mnyororo wa umiliki usio na pengo hata moja, kila kiungo chake kikiwa na hati ya serikali, na hata hivyo yalizuka madai kwamba bastola halisi iliibwa miaka ya 1960 na nyingine bandia kuwekwa mahali pake. Mwaka 1997 maabara ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliichunguza kwa kuilinganisha na picha zilizopigwa miaka ya 1930, wakitazama mistari ya mti kwenye kitako, vishimo vya kutu kwenye chuma na ufa uliokuwamo katika mti, vitu ambavyo hakuna mwigaji awezaye kuvirudia kwa usahihi, na wataalamu wakaridhika kwamba bastola ni ile ile. Hapa pana funzo kubwa kwa fani hii, kwa kuwa kilichoiokoa bastola hiyo hakikuwa jina la muuaji wala umaarufu wa rais, bali picha za kawaida zilizopigwa kwa uangalifu na kuhifadhiwa, na kazi hiyo inaweza kufanywa na mwenye bastola yoyote, hata kama haina historia ya kusisimua.

Upande wa viwanda, jina la Samuel Colt halina mpinzani. Hataza yake ya Marekani ya Februari 1836 ilihusu silinda inayozunguka na kujifunga yenyewe nyundo inapovutwa, na kiwanda chake cha kwanza kilikuwa Paterson, New Jersey, kikafungwa mwaka 1842 kwa kukosa faida. Mwaka 1847, wakati wa vita vya Marekani na Meksiko, Kapteni Samuel Walker alimsaidia kubuni bastola nzito yenye uzito wa karibu kilo mbili, na serikali ikaagiza 1,000, zikatengenezwa katika kiwanda cha Eli Whitney mdogo huko Connecticut, pamoja na 100 hivi za raia. Zile za jeshi ziligongwa alama za kombania tano, A hadi E, na namba ndani ya kila kombania, jambo ambalo limewapa watafiti msingi imara na limewapa waghushi kishawishi. Mwaka 2018 bastola moja ya raia ya aina hiyo, ambayo nahodha wa meli wa Denmaki aliinunua New York mwaka 1847 na ambayo bado ilikuwa na sanduku lake la awali, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 1,840,000. Sanduku lina sehemu yake katika bei hiyo, na sehemu nyingine ni ya kumbukumbu zinazoiunganisha bastola na nahodha aliyeinunua.

Bastola ya Colt ya mwaka 1851 iitwayo Navy ndiyo inayokutana na wakusanyaji wengi zaidi, na uchunguzi wake ni wa subira. Namba ya mfululizo hugongwa kwenye fremu, kilinzi cha kifyatulio, kitako, mtutu na silinda, hata kwenye kabari inayoshikanisha mtutu na fremu, na bastola ambayo namba zake zote zinafanana ina thamani kubwa kuliko iliyounganishwa kutoka mabaki ya bastola tatu. Kuzunguka silinda imechorwa picha ya vita vya majini vya tarehe 16 Mei 1843 kati ya Texas na Meksiko karibu na Campeche, kwa heshima ya jeshi la majini la Texas lililokuwa mteja wa Colt wa mwanzo, na picha hiyo ya kina kifupi ndiyo hufutika kwanza kwa kusuguana na ala ya ngozi. Ikiwa bado kali kwenye bastola ambayo mbao zake zimechakaa na pembe zake zimelika, basi silinda huenda ilitoka kwingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 mafundi wa Gardone Val Trompia, nchini Italia, wametengeneza nakala nzuri sana za bastola hizi kwa ajili ya wapenzi wa historia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na nakala hizo zina chapa za majaribio za Kiitalia zinazoonyesha mwaka wa kutengenezwa. Mtu asiye mwaminifu huzifuta kwa tupa, huizika bastola katika udongo wenye chumvi, kisha huiuza kama mabaki ya vita. Sehemu iliyopigwa tupa huonekana bapa kuliko uso unaoizunguka, na kutu ya kulazimishwa huwa ya rangi moja kila mahali. Kiwanda chenyewe kinaweza kutoa barua inayoeleza bastola fulani ilipelekwa kwa nani na lini, lakini kwa bastola za fataki kumbukumbu hizo zina mapengo mengi, na moto wa Februari 1864 uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda cha Hartford.

Colt anagusa pia historia ya Zanzibar. Mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan alituma meli yake Sultana hadi New York chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, miaka saba baada ya mkataba wa biashara na Marekani, na miongoni mwa zawadi za serikali ya Marekani zilizorudi na meli hiyo zilikuwamo bunduki na bastola za Colt kutoka kiwanda cha Paterson, wakati silaha hizo zilikuwa bado mpya machoni pa Wamarekani wenyewe. Nusu karne baadaye, aina ya mtambo ikawa suala la sheria ya kimataifa, kwani Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, ambao Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliousaini, ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika lakini ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Kwa hiyo gobori lililouzwa pwani au bara linaweza kuonekana la kizamani kuliko umri wake, na anayekadiria tarehe ya silaha iliyopatikana Afrika Mashariki kwa kutazama mtambo peke yake atakosea kwa miongo kadhaa.

Kuhusu hati, wakusanyaji wenye uzoefu wana ngazi yao ya kuaminiana. Juu kabisa ni kumbukumbu iliyoandikwa wakati wa tukio na mtu asiyekuwa na maslahi katika bei, kama daftari la ghala la jeshi, orodha ya mirathi inayotaja namba, au jalada la kesi. Chini yake ni picha ya zamani inayoonyesha silaha yenyewe kwa namna inayotambulika. Chini zaidi ni jina lililochorwa kwenye kitako, ambalo laweza kuchorwa wakati wowote, na chini ya hayo yote ni hati ya kiapo ya mjukuu, ambayo inathibitisha tu kwamba mjukuu aliapa. Wauzaji wengi huanzia mwisho wa ngazi hii, wakitanguliza hadithi ya babu na kuiacha namba ya mfululizo, na mnunuzi anayelipia hadithi hiyo atakapotaka kuuza hatapata mtu wa kumlipa tena. Ngazi hiyo hiyo hulinda pia dhidi ya mali ya wizi. Mwezi Machi 2023 FBI ilirudisha kwa taasisi 17 vitu vya kihistoria, silaha nyingi zikiwamo, ambavyo viliibwa zaidi katika miaka ya 1970 kwenye makumbusho, hasa ya Pennsylvania, na kwa miongo yote hiyo vilikuwa nje ya mikono ya wenyewe.

Kosa linaloharibu ushahidi kuliko wizi ni usafi. Mwenye bastola anayeisugua hadi ing'ae huondoa rangi ya awali ya chuma, hufifisha chapa za majaribio na kuzilainisha kingo za herufi, yaani huyafuta mambo yale yale ambayo mtaalamu angeyasoma. Kitambaa kikavu na mafuta mepesi vinatosha. Kabla ya hapo ni lazima bastola ikaguliwe kama imejazwa, kwa sababu silaha za kujazwa kwa mbele hupatikana mara kwa mara zikiwa na baruti na risasi ndani baada ya zaidi ya karne moja, na baruti hiyo bado inaweza kuwaka: fataki ikiwa haipo kwenye chuchu, mdeki huingizwa taratibu ndani ya mtutu hadi unapokwama, urefu ulioingia ukapimwa na kulinganishwa na urefu wa mtutu kwa nje, na pengo kubwa likionekana bastola hupelekwa kwa fundi wa silaha.

Sheria za nchi zinatofautiana. Marekani, sheria ya udhibiti wa bunduki ya 1968 huzihesabu silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa za kale na kuziondolea masharti mengi ya shirikisho, na Uingereza nayo ina msamaha kwa silaha za kale zinazomilikiwa kama kumbukumbu au pambo. Mkazi wa Afrika Mashariki asichukulie kwamba misamaha hiyo inamfuata nyumbani, bali aulize kwa maandishi mamlaka ya silaha ya nchi yake kabla ya kulipa na kabla ya mzigo kuondoka. Bastola zenye vitako vya pembe za ndovu zina mzigo wa ziada. Connecticut ya karne ya 19, ambako Colt alikuwa na kiwanda chake, ilikuwa mteja mkubwa wa pembe za Zanzibar, zilizotumika hasa kwa vitufe vya piano, na mabamba ya pembe kwenye vitako vya bastola za zawadi yalipendwa sana na matajiri. Chini ya sheria ya Uingereza ya pembe za ndovu ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, kitu chenye pembe hakiuzwi isipokuwa kimepata msamaha maalumu, mathalani kwa kuwa kilitengenezwa kabla ya Machi 1947 na pembe ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wake, na muuzaji hulazimika kukisajili kwanza akiambatanisha picha na maelezo ya jinsi alivyoujua umri wake.